Mchanga Usiopulizwa

Valentino aliikataa chai. Chai ya kituoni hata askari wenyewe huinywa kwa kujikaza, lakini Inspekta Hajira Shekalaghe alijua kuwa kikombe hakikukataliwa kwa sababu ya ladha. Kilikataliwa kwa sababu yeye ndiye aliyekileta.

Jana yake, Jumapili, alikuwa amemkamata kanisani, hapo hapo Korogwe. Si nje ya kanisa. Ndani, kwaya ikiwa katikati ya wimbo wa matoleo na Valentino mstari wa nyuma akiimba besi. Wazo la kungoja ibada iishe lilimjia, akalifukuza. Alitaka kumwahi mtu kabla hajatoroka, na mtu mwenyewe, alipowaona askari, alifunga kitabu cha nyimbo, akampa mwenzake, akanyoosha mikono. Anayetaka kutoroka hafanyi hivyo. Hajira aliliona hilo wakati ule ule, na bado alimtia pingu mbele ya wanawe.

“Tuanze tena,” alisema. “Ijumaa asubuhi ulikuwa Kwedimsala, kule Handeni, kwenye kisima cha gesi.”

“Nilikuwa. Sijakataa.”

“Na begi la grenda.”

“Mimi fundi wa kuchomea, afande. Ungenikuta na begi la mikate ndiyo ungeshangaa.”

“Ulifuata nini mahali ulipofukuzwa?”

“Kinyago changu cha kuchomea. Kilibaki stoo kwao.”

“Mchana wa siku hiyo hiyo kona ya bomba ikapasuka, ikamuua Erasto. Erasto ndiye aliyekusema mpaka ukafukuzwa.”

“Ndiye. Alisema nimeingia kazini nimelewa.” Valentino alikiangalia kikombe, akakisogeza pembeni. “Na kweli nilikuwa nimelewa. Tulinuniana, basi. Mimi na Erasto tumezaliwa kambi moja ya mkonge, babu zetu wamekata mkonge mstari mmoja. Nimkatie bomba kwa hilo?”

Hajira alifungua ukurasa mwingine wa jalada.

“Anazikwa lini?” Valentino aliuliza.

“Leo alasiri.”

“Hapa hapa Korogwe?”

“Hapa hapa.”

“Na mimi kesho napelekwa mahakamani kwa kumuua.” Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. “Naomba unirudishe ndani, afande.”

Nje ya chumba, Koplo Julius alikuwa anapanga vielelezo kwenye boksi: picha za bomba, grenda ya Valentino, na spana moja ndefu iliyokutwa chini ya mwili wa marehemu. Julius alikuwa kijana wa kazi, tatizo lake ni kwamba alipenda majalada yaliyokwisha. Hili lilikuwa limekwisha.

“Julius, hii spana. Erasto alikuwa anakaza nini?”

“Nati, afande. Spana ni ya nati.”

“Nati ipi?”

Julius akachukua picha ya kwanza, akaiweka. Akachukua ya pili, akaisogeza karibu na macho. Bomba lilikuwa limeunganishwa kwa kuchomewa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karibu na ile kona iliyopasuka hapakuwa na nati hata moja.

“Labda aliishika tu,” alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

“Labda. Washa gari.”

Njia nzima kuelekea Handeni Hajira alirudia safari yake ya kwanza kichwani. Ijumaa alipofika kisimani mara ya kwanza, msimamizi alimwambia bomba limekatwa na mtu mwenye grenda, akamtajia na jina. Yeye aliitazama kona ile kwa nje, akaona ufa ulionyooka, akaridhika. Dakika za kuinama na kuchungulia ndani hakuzipata. Sasa aliona haya, na haya hiyo ilimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Kisima chenyewe kilikuwa cha majaribio. Kampuni ilikuwa inakifungua asubuhi na kukifunga jioni, ili ijue kina gesi kiasi gani. Msimamizi wake, Awadhi, aliwapokea getini kwa heshima iliyozidi kipimo, huku akiwavisha kofia ngumu yeye mwenyewe.

“Nilidhani mmeshamaliza, Inspekta. Mhalifu si mnaye?”

“Nina mtu. Nieleze hii mitambo upya, taratibu, kama unavyomweleza mama mkwe wako.”

Awadhi akacheka kidogo, akaanza. Gesi haitoki ardhini ikiwa peke yake, alisema. Inatoka na maji, na inatoka na mchanga, tena mchanga unaokwenda kasi. Ukiuacha upite, unakula chuma. Kwa hiyo kabla gesi haijaingia kwenye bomba refu, inapitishwa kwanza kwenye mtungi ule mrefu uliosimama, ambao wafanyakazi wanauita pipa la mchanga. Inaingizwa kwa ubavuni, inazunguka humo ndani kwa nguvu. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, unatupwa ukutani na kuteremka chini. Gesi, ambayo ni nyepesi, inapanda katikati na kutokea juu.

“Na mchanga ukishajaa chini?”

“Haujai. Unapulizwa. Kila baada ya muda mtu anafungua koki ya chini, mchanga unatoka kwa kishindo mpaka kwenye shimo lile. Kelele zake ni balaa. Wanakijiji hawatupendi kwa sababu hiyo.”

“Na usipopulizwa?”

Awadhi akaivuta kofia yake mbele. “Lazima upulizwe, Inspekta. Ndiyo kazi ya mtu wa koki.”

Kona iliyopasuka ilikuwa bado chini, imefunikwa turubai. Hajira akapiga magoti, akalifunua, na safari hii akaingiza vidole ndani. Mbali na ufa chuma kilikuwa kinene kama kawaida. Karibu na ufa kilikuwa chembamba kama bati la mkebe, na ndani kote kilikuwa laini, kinang'aa. Aliufahamu mng'aro huo. Ni wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga mtoni mwaka baada ya mwaka mpaka ikatoboka.

“Grenda inakata kutoka upande gani, Julius?”

“Nje, afande.”

“Gusa hapa.”

Julius akagusa. Uso wake ukabadilika, akautoa mkono polepole.

“Msimamizi, hili bomba halikukatwa. Limeliwa. Na wewe unajua.”

“Sikuwa nimeangalia ndani,” alisema Awadhi.

“Hata mimi. Ila mimi sikusomea mabomba.” Alisimama, akakung'uta magoti. “Hamna chombo cha kuwaambia kwamba mchanga umeanza kupita?”

Kipo, alisema Awadhi, kidude kinachofungwa kwenye bomba ili kisikilize chembe za mchanga zikigonga. Kiliharibika. Kipuri kiliagizwa, hakijafika. Aliyasema hayo akiwa ameangalia viatu vyake.

“Kwa hiyo Erasto akawa ndiye kidude,” alisema Hajira. Mafundi wa magari pale stendi ya Korogwe huweka ncha ya spana kwenye injini na ncha nyingine sikioni, wasikie ugonjwa uko wapi. Erasto hakuwa anakaza chochote. Alikuwa ameegemeza sikio lake kwenye ile kona, anasikiliza, ndiyo maana ilipopasuka haikumwacha.

Wakaenda kwenye shimo. Mchanga ulikuwa umelala humo, mweupe, na juu yake kote kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Hajira aliutazama kwa muda mrefu.

“Mvua imenyesha lini hapa?”

“Jumatano,” alijibu Awadhi. “Mimi nilikuwa Tanga kwenye kikao mpaka nilipoitwa Ijumaa kwa ajili ya mlipuko, lakini niliambiwa watu walinyeshewa wakitoka makaburini. Tangu hapo haijanyesha tena.”

“Makaburini?”

Awadhi akaonyesha kwa kidole. Ng'ambo ya uzio, karibu kiasi cha kusikia watu wakizungumza, kulikuwa na nyumba yenye turubai uani na watu wameketi mikekani. “Mzee Hussein. Alizikwa Jumatano hiyo. Ni baba mkwe wa Mhina, kijana wangu wa koki.”

Mchanga wa kisima ukitoka kwa kishindo ungefunika kila alama. Alama za matone zilikuwapo, kamili, bila hata ukungu wa mchanga mpya juu yake. Tangu mvua ile hakuna aliyepuliza. Hajira alirudi kwenye pipa, akaomba nyundo, akaligonga chini. Likatoa mlio mfu, wa kitu kilichoshiba. Akagonga katikati, vilevile. Akapanda ngazi, akagonga karibu kabisa na shingo, na hata huko halikulia. Pipa lilikuwa limejaa mchanga hadi juu, na mchanga uliokosa mahali pa kukaa ulikuwa umeondoka na gesi.

Awadhi alikuwa amekaa kwenye jiwe. Kofia yake ilikuwa chini.

“Ningekuwepo ningesikia kwamba mchanga haupulizwi,” alisema. “Ningekifunga kisima.”

“Ungekuwepo, ndiyo. Na kidude kingekuwepo, na mimi ningeinama Ijumaa. Kaa hapo hapo, usiguse kitu.”

Msibani watu walikuwa wamepungua, waliobaki ni ndugu wa karibu na wageni wachache waliotoka kijiji cha Mpale. Mhina alikuwa miongoni mwa wanaume mkekani, kijana mrefu, macho mekundu. Alipomwona Hajira alisimama kabla hajaitwa.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Poleni na msiba.”

“Tumeshapoa.”

Hajira alimpeleka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, Julius akiwafuata na karatasi zake. Mhina alichagua kusimama akiupa mgongo mlango wa nyuma, uliokuwa umewekewa pazia.

“Ijumaa ulipuliza mchanga?”

“Kama kawaida.”

“Na Alhamisi?”

“Kama kawaida, afande.”

“Nimetoka shimoni, Mhina. Matone ya mvua ya Jumatano bado yamo.”

Kuku mmoja alipita kati yao. Mhina alimfuata kwa macho mpaka akaingia bandani.

“Nilipitiwa na usingizi,” alisema. “Nilikuwa nakesha huku msibani.”

“Usingizi wa tangu Jumatano hadi Ijumaa?”

Mhina aliinama, akaokota unyoya wa kuku.

“Erasto alijua kwamba hupulizi?”

Hapo uso wa Mhina ukavunjika. Alijifuta kwa kiganja, haikusaidia, akaacha.

“Alijua. Nilimwambia tuvumilie mpaka matanga yaanuliwe, halafu tutapuliza mara nyingi tufidie. Akasema sawa, msiba ni wetu sote. Lakini hakutulia. Kila mara alikuwa anakwenda pale kwenye kona na spana yake. Anasikiliza, anarudi, ananiambia bado. Ijumaa alisikiliza, akanigeukia, akafungua mdomo. Sikusikia alichosema.”

“Na siku mbili hizi Valentino yuko ndani kwa ajili ya kona hiyo.”

“Najua.”

“Ulijua ukanyamaza.”

“Nilikuwa nakuja, afande. Kila nikisimama niende, miguu inakataa. Erasto amekufa badala yangu, na Valentino amefungwa badala yangu. Mimi nimekaa mkekani watu wananipa pole.” Alinyoosha mkono kumwelekea Julius. “Andika. Andika kwamba sikupuliza, natia sahihi sasa hivi.”

Julius akaandika, Mhina akatia sahihi. Hajira akasogea pembeni, akampigia simu mkuu wa kituo. Alimweleza kwa ufupi, akaomba Valentino afunguliwe saa hiyo hiyo, apelekwe mazishini kwa gari la polisi, na ashushwe mbali kidogo ili asionekane analetwa na polisi.

“Tumwambie nini?” aliuliza mkuu.

“Mwambieni nimekosea.”

Angeweza kuishia hapo. Julius alikuwa tayari anafunga kalamu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mhina hakulisema, na alikuwa analizunguka kama mtu anayezunguka shimo gizani.

“Nani alikuambia usipulize?”

“Hakuna. Nililala.”

“Umetoka kuniambia kwamba mlikubaliana mpaka matanga yaanuliwe. Hiyo si kulala. Kuna mtu alikuomba pawe kimya.”

“Andika nililala.”

“Aliyelala kazini akaua mwenzake hakimu hamwonei huruma, Mhina. Aliyeombwa na wafiwa ni jambo jingine.”

“Nifungwe.”

Hajira alimtazama. Tangu waanze kuzungumza kijana huyo hakuugeukia mlango wenye pazia hata mara moja, wala sauti yake haikupanda juu ya ile ya mtu anayehofia kusikika ndani. Wiki hii yeye mwenyewe alikuwa ameshaandika uongo mmoja bila kujua. Wa pili angeuandika akijua. Alimwambia Julius ampeleke Mhina uani, yeye akavua viatu, akapiga hodi kwenye pazia.

Bi Mashavu, mjane wa Mzee Hussein, alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, amejitanda shuka nyeupe. Alikuwa kwenye eda. Wanawake wawili waliokuwa naye walimpisha Hajira, wakasogea ukutani.

“Shikamoo, mama. Pole sana.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekusikia huko nyuma ya nyumba. Ukuta wenyewe wa udongo.”

“Basi sina la kukueleza.”

“Unalo. Mimi nilisikia mlipuko, nikaambiwa kuna mtu kalikata bomba. Hilo la mchanga nalisikia leo.” Aliinyoosha shuka magotini. “Jumatano wanaume walikuwa wanamwosha mume wangu. Hilo dude likapiga ukelele, maji yakamwagika mikononi mwao. Likapiga tena watu wakiwa kwenye dua. Nikaona huyu mzee alikuwa mpole maisha yake yote, leo anaondoka kama anafukuzwa. Nikasimama mlangoni, nikamwita mkwe wangu. Nikamwambia, baba, linyamazishe mpaka matanga yaanuliwe.”

“Umewahi kumwomba kitu kabla ya hapo?”

“Tangu amwoe binti yangu sijamwomba hata maji ya kunywa. Na yeye hajawahi kuniangalia usoni. Ndivyo tulivyo, mtu na mkwewe.”

“Alikueleza kwamba lisipopulizwa ni hatari?”

“Aliinama. Akasema, sawa, mama.”

Hajira aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja Handeni akitafuta mtu mbaya, na alikuwa amejiandaa kumchukia.

“Yule kijana aliyekufa ana mama?” aliuliza Bi Mashavu.

“Anaye. Anamzika leo alasiri, Korogwe.”

Mjane akaweka mkono ukutani, akasimama. Wanawake wakamrukia, mmoja akamshika shuka, akamkumbusha eda, akamkumbusha kwamba uani kuna wanaume. Aliutoa mkono wa mwenzake taratibu, bila hasira, akavuta pazia, akatoka.

Uani mazungumzo yalikatika. Wazee walioketi mkekani waliinua macho, kisha wakayashusha kwa heshima, wasijue watazame wapi. Mhina alikuwa amesimama karibu na Julius. Alipomwona mama mkwe wake yuko nje, mchana, mbele ya watu, alirudi nyuma mpaka akagusa nguzo ya turubai.

“Afande, andika,” Bi Mashavu alimwambia Julius. “Jina langu Mashavu. Kijana huyu hakulala. Mimi ndiye niliyemwomba alinyamazishe lile dude. Yule mtoto wa watu amekufa kwa ombi langu.”

Kalamu ya Julius ilisimama hewani. Alimtazama Hajira, naye Hajira akamtazama Mhina.

Mhina aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alimwangalia mama mkwe wake usoni, akasema kwa sauti ambayo kila aliyekuwa pale aliisikia:

“Hapana, mama. Hukuniomba.”

Bi Mashavu alimtazama kijana huyo muda mrefu, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Kisha akaketi chini, pale pale vumbini, kati ya wanaume.

“Hiyo hapana yako,” alisema, “ungeniambia Jumatano, baba, nisingekasirika.”